Dawa ya Mbwa Katika Friji ya Rafiki Yangu

Barafu niliiona mara ya kwanza kwenye harusi ya mjomba wangu, na hata siku hiyo sikuiona vizuri.

Mjomba alikuwa mchukuzi wa mizigo Mombasa, akarudi kwetu huku upande wa Msambweni na maneno mengi. Alituambia kuna maji yanayokatwa kwa msumeno. Wazee walimtazama tu, wakatafuna tambuu zao. Alipokuja kuoa akaapa mbele ya wakwe kwamba sharubati ya harusi yake itanywewa baridi, baridi ya kuuma meno, na asiyeamini aje. Basi siku yenyewe akapanda lori mapema, akavuka kivuko, akanunua bonge la barafu kubwa kama mto wa kulalia, akalizika ndani ya unga wa mbao, akalifunga kwa magunia, akaanza kurudi. Kivukoni akakuta foleni. Mbele kidogo lori likapasuka gurudumu. Sisi watoto tulikaa kando ya barabara tangu adhuhuri, na kina mama walikuwa wamekwisha kukoroga sharubati ya ukwaju kwenye masufuria, wanapepea nzi.

Gunia lilipofika lilikuwa likivuja kama mtu aliyejikojolea. Mjomba akafungua la juu, akafungua la chini, akachakura ule unga wa mbao kama kuku, akatoa kitu kidogo kama ngumi ya mtoto. Bibi yangu akakipokea, akakilamba, akakitema.

"Ndicho hiki? Mbona kina ladha ya kitanda?"

Watu walicheka mpaka bwana harusi akaingia ndani kabla hajaitwa. Sharubati tuliinywa vuguvugu kama kawaida yetu, na mjomba kwa maisha yake yote aliitwa Bwana Gunia. Alizaa, akajukuu, akafa, na hata matangani kuna mzee alimtaja kwa jina hilo na watu wakalia huku wanacheka.

Haya, sasa mtauliza mjomba na mbwa wapi na wapi. Mimi shule niliiona kwa kupita, sikufundishwa kuanza habari kichwani nikashuka miguuni. Ninachotaka kusema ni habari ya baridi. Mtu wa kwetu anazaliwa kwenye joto, anazoea joto, na baridi kwake ni starehe ya kuomba kwa aliye nayo. Sikudhani uzeeni mwangu nitakuja kuihitaji kama ninavyohitaji chakula.

Nilipatwa na sukari. Nilianza kwa kunywa maji, nikimaliza kata naitaka nyingine, na kutoka nje kila saa, mpaka mke wangu akasema, "Wewe mume wangu, una mchumba chooni?" Nikapelekwa hospitali Msambweni, wakanipima, wakaniambia vidonge havitoshi, ni sindano, asubuhi na jioni, maisha. Nililia. Sioni haya kusema. Mtu mzima, nimechimba visima, nimekata makuti juu ya minazi ambayo vijana wa leo wakiitazama tu shingo zinawauma, nikalia kwa kisindano chembamba kama mwiba wa samaki. Lakini nilizoea. Siku hizi najidunga huku nazungumza.

Shida ilikuwa dawa yenyewe. Insulini haitaki joto. Muuguzi alinifundisha: chukua nyungu kubwa na nyungu ndogo, tia ndogo ndani ya kubwa, katikati jaza mchanga, mchanga uloweshe maji, funika kwa kitambaa kibichi, weka pembeni pasipofika jua. Nikafanya. Na ilikubali, dawa ilikaa vizuri miezi mingi. Nyumbani kwangu umeme haujafika, nguzo zimeishia kwa jirani.

Hapo ndipo anapoingia rafiki yangu.

Huyu mtu tulitiwa jandoni siku moja. Kwa asiyejua mambo ya kwetu, hilo si urafiki wa kukutana njiani. Mmelala mkeka mmoja mnauguza vidonda pamoja, mmetukanwa pamoja, mmefundishwa yale ambayo hufundishwi mara ya pili. Akifa mmoja, mwenzake ndiye anayeitwa kushika maiti. Yeye alifungua duka kando ya barabara kuu, mimi nikabaki na shamba na vibarua vyangu, lakini kila jioni nilikuwa kwenye benchi lake. Alikuwa na friji kubwa ya mlango wa kioo, ya soda na maziwa. Aliposikia habari ya nyungu akacheka karibu aanguke.

"Yakhe, dawa ya hospitali waitia kwenye nyungu kama mganga? Lete hapa. Friji ni yako. Au wataka nikuandikie hati?"

Basi nikapeleka. Nyungu ile tukaiweka nyuma ya nyumba, kuku wakawa wanatagia mle. Kila alfajiri nikitoka msikitini napitia dukani, ananipa kichupa, navuta dawa yangu kwenye bomba la sindano, namrudishia. Na jioni hivyo hivyo. Akaanza na kunisemesha, "Mteja wangu asiyelipa amekuja." Tulikaa hivyo miaka, na sikuwahi kutilia shaka hata chembe.

Sasa mbwa.

Nyani walinimalizia mihogo. Nyani wa huku hawaogopi tena mtu, wanakutazama unawatupia mawe kama wanaokupigia hesabu. Mbwa wangu wa zamani alikuwa amekufa kwa uzee, na mke wangu alishangilia kimoyomoyo, maana sisi ni watu wa kuswali na mbwa kwetu ni wa shamba, haingii uani. Mimi lakini bila mbwa nilikuwa nawalimia nyani. Mtu akaniambia Diani kuna mahali wanakusanya mbwa waliotupwa, waliogongwa na magari, walioachwa na wenyewe hotelini, na ukienda kwa adabu unapewa mmoja bure. Nikapanda gari nikaenda, nia yangu kupata mbwa mkali, mwenye meno.

Nikampokea binti mmoja wa bara, mchangamfu, ana mkwaruzo mikono yote miwili. Akanitembeza. Mbwa walikuwa wengi, wanabweka mpaka masikio yanaziba. Kwenye kibanda cha mwisho alilala mmoja mwekundu, masikio yameanguka, mbavu nje, bakuli lake la maji tupu. Binti akalijaza. Mbwa akalinywa lote bila kupumua, akatoka, akakojoa, akarudi, akatazama bakuli.

Nikasema, "Huyu ana ugonjwa wangu."

Binti akageuka. "Mzee, unajua ana nini?"

"Ana sukari. Mimi nilikuwa hivyo hivyo, ila mimi nilikuwa natumia kata."

Akacheka sana. Akanieleza kwamba ni kweli, ana sukari, ni mpole, anafukuza tumbili vizuri, lakini hakuna anayemtaka. "Watu wakisikia ni sindano asubuhi na jioni, wanasema asante, wanachukua mwingine. Na hapa mbwa ni wengi, hatuwezi kumuweka forever. Akikosa nyumba, daktari atamlaza."

"Kumlaza vipi?"

"Asiamke, mzee."

Nilikuja kutafuta mbwa mwenye meno. Nikasimama pale namtazama mbwa anayeangalia bakuli. Sitaki kujifanya mwema, ukweli ni kwamba niliona kama waliokuwa wanakataliwa pale ni sisi wawili. Nikamwambia binti, "Sindano najidunga mwenyewe kila siku. Mmoja akizidi kuna nini?"

Wakanifundisha. Dawa ilikuwa ile ile yangu, ya watu, ila kipimo chake kidogo. Unamvuta ngozi ya shingoni, unaichoma sindano pale inapopanda kama hema, na lazima ale kwanza. Wao wangenipa dawa, kichupa cha kutumia na kingine cha akiba, na gari lao lingekuja kumchukua kumpima damu kila baada ya muda. Alikuwa na jina la kizungu ambalo mdomo wangu ulilikataa. Nikamwita Mwenzangu.

Nyumbani mke wangu alisimama mlangoni na mwiko.

"Umeleta mbwa au umeleta maiti?"

"Mgonjwa."

"Mgonjwa! Na wewe mgonjwa. Basi nifungue zahanati."

Lakini ni mwanamke mwenye huruma kuliko maneno yake. Kesho yake akamchemshia dagaa na ugali wa mtama, akimwekea bakuli kwa mguu, eti mkono usiguse. Mimi niliweka mkebe wa mchanga kando ya pipa la maji, ili mate ya mbwa yakinigusa nioshe kama tulivyofundishwa, mara saba, moja yake kwa udongo, kabla ya kwenda kuswali. Na sikutosheka na hayo. Nilimwendea maalim baada ya laasiri, rafiki yangu wa duka yuko ubavuni kwangu, nikamuuliza waziwazi, na habari ya dawa kukaa kwenye friji ya watu pia nikamuuliza. Maalim akafikiri, akajibu: "Dawa ni dawa, haijaguswa na mbwa. Mate ndiyo ya kuangalia, na hilo unalijua. Kiumbe kinaumwa, mtibu." Rafiki yangu akaitikia pale pale, "Umesikia, yakhe? Kesho lete dawa yake, itie kwenye kopo."

Neno hilo alilisema yeye. Mimi sikumwomba.

Kwa adabu nikatafuta kopo la maziwa ya unga, nikaosha, nikatia vile vichupa viwili vya mbwa, nikalifunga kitambaa chekundu ili visichanganyike na changu na mtu asije akaingiwa na wasiwasi. Najilaumu? Hapana. Nilifanya vile mtu mstaarabu anavyofanya. Lakini ni kitambaa kile kilichofanya kopo lijulikane.

Miezi ya kwanza ilikuwa ya raha. Alfajiri navuta mabomba mawili, langu na la Mwenzangu, narudi nyumbani, yeye anakula, mimi nakula, yeye shingoni, mimi tumboni. Jirani mmoja mwenye mdomo akawa anasema, "Mzee ameoa mke wa pili, kila asubuhi lazima awahi kumhudumia." Mwingine akauliza kama mbwa naye amekatazwa chai ya sukari. Acha waseme. Mwenzangu akapata mwili, manyoya yakang'aa, akajua mipaka ya shamba bila kuonyeshwa. Nyani wa kwanza alipovuka ua alikimbizwa mpaka kwenye mikorosho ya watu, na mke wangu aliyekuwa anapepeta mchele akasimama akapiga kigelegele, kisha akakumbuka kuwa hampendi mbwa, akakaa. Msimu ule tulivuna mihogo mpaka tukagawa.

Halafu akaanza kunywa maji.

Mwanzo nilidhani ni kaskazi, joto limezidi. Lakini bakuli likiisha analilamba tupu. Akaanza kukojoa pale alipolala, jambo ambalo lilimwaibisha, alikuwa akinyanyuka anakwenda kulala mbali na palipolowa. Mbavu zikarudi. Nilimweleza rafiki yangu jioni, tumekaa kwenye benchi, mkewe nyuma ya duka anakaanga viazi karai. Akatikisa kichwa kwa huruma.

"Ni uzee, yakhe. Mbwa naye huzeeka."

"Si mzee kiasi hicho. Na dawa anapata."

"Dawa iko salama, iko pale, waiona." Akafungua mlango wa kioo, akanionyesha kopo lenye kitambaa chekundu, limekaa kando ya maziwa. Nikaligusa. Lilikuwa baridi.

Siku nyingine nikamwambia rafiki yangu kwamba Mwenzangu amejigonga kwenye kigogo cha mnazi, kigogo ambacho yeye mwenyewe hulalia kivuli chake. Akanishika mkono, akaugeuza kiganja juu.

"Nikwambie kitu na usikasirike? Mikono yako siku hizi yatetemeka. Nakuona unapovuta dawa. Huenda nusu unamwaga kwenye manyoya."

Hilo neno liliniingia. Nilikwenda nalo nyumbani, nikalala nalo. Ni kweli mikono ya mzee si ya kijana. Nikaanza kujiangalia. Nikachukua papai, nikawa nalidunga maji mbele ya mke wangu, yeye anatazama kama yanaingia. "Yanaingia," anasema. "Tazama vizuri." "Mume wangu, yanaingia, papai limeshiba." Nikamwomba awe anamshika Mwenzangu kichwa nikimdunga, yeye ambaye bakuli alilisukuma kwa mguu, na alimshika, kwa mikono yake miwili, kisha akaenda kwenye mkebe wa mchanga bila kunung'unika. Na bado mbwa alikonda. Usiku nikimsikia anakunywa maji najiambia, ni wewe, mikono yako ndiyo inayomuua.

Nilimwambia rafiki yangu na hilo. Nilimwambia: naona ni mimi. Na yeye akanipiga bega, akaniambia nisijitese.

Macho ya Mwenzangu yakaingia ukungu. Lilianza jicho moja, kama moshi umeingia kwenye kioo, halafu la pili. Nikampigia simu binti wa Diani, akasema gari linakuja kesho, na nije na kichupa cha dawa ninachotumia. Alfajiri nikamwambia rafiki yangu anipe.

Akasitasita. "Uipeleke ya nini? Itapata joto njiani, iharibike."

"Nitaifunga kwa kitambaa kibichi."

"Si wanazo nyingine huko?"

"Wameitaka hii."

Akanipa. Nilimshukuru, hata nikaona ana uchungu na dawa ya mbwa wangu kuliko mimi.

Diani wakamtoa Mwenzangu damu, wakampima, binti akauma mdomo. Sukari ilikuwa juu kama ya mbwa ambaye hajawahi kuona sindano. Nikasema mara moja, kabla hajaniuliza, "Ni mikono yangu." Akanipa bomba lenye maji, akaniambia nidunge sifongo. Nikadunga. Akasema, "Mzee, mikono yako iko sawa. Lete hiyo dawa."

Akakigeuza kichupa taratibu, akakiinua dirishani. Mimi macho yangu hayaoni vitu vidogo, akaniletea miwani ya daktari. Dawa hii ukiigeuza inatakiwa iwe kama maziwa yaliyochanganyika. Ile ilikuwa na chembechembe, kama maziwa yaliyokatika, na nyingine zimegandia kwenye kioo.

"Hii imepikwa," akasema. "Ilikuwa inakaa wapi?"

"Kwenye friji."

"Friji ya nani?"

"Ya rafiki yangu. Inafanya kazi. Soda zake zinauma meno."

"Na dawa yako wewe?"

"Humo humo. Rafu moja."

"Na wewe sukari yako ikoje?"

Nilikuwa nimetoka hospitali wiki ile ile, daktari amenisifu. Binti akaenda kuosha mikono. Daktari wao akaniambia macho ya Mwenzangu hayatarudi kwa dawa. Lakini akipata dawa nzima, tangu leo, bila kukosa, anaweza kuishi. Akikosa tena hataweza. Wakanipa kichupa kipya ndani ya chupa ya chai iliyotiwa vipande vya barafu, na binti akakaa nami nyuma ya gari njia nzima ya kurudi, Mwenzangu amelaza kichwa juu ya kiatu changu.

Njiani nilikuwa natafuta maneno ya kumtetea rafiki yangu. Labda umeme ulikatika, kopo likawa mbele na changu kikawa nyuma. Labda mtoto alilitoa kutafuta maziwa. Nilitafuta mpaka tukafika. Nikamwambia dereva aniteremshe dukani, nikaagana na binti, chupa ya chai kwapani.

Ilikuwa adhuhuri, saa ambayo mimi huwa shambani na siji. Mbele ya duka watu wamekaa kwenye benchi, wanakunywa soda. Rafiki yangu hakuwako kaunta, nikasikia sauti yake nyuma. Nikamshika Mwenzangu kamba, nikazunguka.

Mkewe alikuwa anageuza viazi, karai linachemka, moshi unapanda moja kwa moja kwenye mabati. Na pale chini ya mabati, juu ya karai, kwenye msumari, limening'inia kopo lenye kitambaa chekundu. Kitambaa kimekuwa cheusi upande mmoja kwa moshi.

Yule mama aliniona wa kwanza. Akaacha kiazi kiungue.

"Shemeji..." akasema.

Rafiki yangu akageuka. Nilimtazama, akalitazama kopo, akanyoosha mkono kama anayetaka kulishusha, akaurudisha.

"Karibu, yakhe. Mmerudi mapema."

"Tangu lini linakaa hapo?"

"Hebu tukae tuzungumze. Unywe kitu."

"Tangu lini?"

"Yakhe, watu walisema." Akashusha sauti. "Kina mama walikuwa wanakuja kuchukua maziwa ya watoto, wanauliza lile kopo ni la nini. Nikawaambia. Mmoja akarudisha maziwa. Wa pili akarudisha. Ningefanyaje? Ni duka."

"Maalim alisema mbele yako."

"Maalim hauzi maziwa."

Mmoja wa wale wa benchi, maana walikuwa wamekwisha kuja kuchungulia, akaguna kwa kicheko, mwenzake akampiga kiwiko.

"Nikija asubuhi lilikuwa ndani," nikasema. "Nikija jioni lilikuwa ndani. Nililigusa kwa mkono wangu, lilikuwa baridi."

Mkewe ndiye aliyejibu, ameinamia karai, hatutazami. "Alikuwa analirudisha kabla hujaja. Akisikia adhana ya alfajiri analirudisha, na jioni akikuona kule mbali kwenye mkungu analirudisha. Nilimwambia, mwambie mwenyewe. Nilimwambia, shemeji."

"Nyamaza wewe," akamwambia.

Nami nilikuwa nafikiri habari ya nyungu. Ile nyungu ilikuwako nyumbani, kuku wanatagia. Ingehitaji mchanga na maji na neno moja lake. Angeniambia, yakhe, wateja wanalalamika, chukua kopo lako. Ningechukua. Wallahi ningechukua na ningemshukuru kwa muda alionihifadhia, na jioni ile ile ningekaa kwenye benchi lake.

"Ungeniambia," nikasema.

"Ungeona vibaya. Nilikuwa sitaki kukuvunja moyo."

"Na mikono yangu?"

Akageuka kulitazama karai.

"Uliniambia mikono yangu yatetemeka. Nimedunga papai wewe mtu. Nimelala usiku nikijiambia mimi ndiye ninayemuua."

"Nilitafuta la kusema," akasema. Hapo sauti yake ilikuwa ya kweli, pengine ndiyo pekee iliyokuwa ya kweli siku zote zile. "Ulikuwa unauliza kila siku. Nilitafuta la kusema."

Mwenzangu alisikia sauti yake, na kwa kuwa alikuwa akimjua, maana alizoea kutupiwa naye vichwa vya samaki, akamwendea. Akaenda akitikisa mkia, akagonga mguu wa meza ya viazi kwa paji la uso, akarudi nyuma, akajaribu tena, akaigonga tena. Rafiki yangu akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Ana nini huyo?"

"Haoni."

"Haoni kabisa?"

"Kabisa."

Akamtazama mbwa muda mrefu. Nilingoja. Nilikuwa nangoja neno, sijui neno gani, lakini lingekuja ningelipokea, kwa maana mkeka tuliolalia ulikuwa mmoja. Akajifuta jasho, akatazama wale watu waliosimama, akatabasamu lile tabasamu la kaunta, akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote:

"Lakini yakhe, tusemezane kama watu wazima. Ni mbwa."

Nikalishusha kopo. Lilikuwa moto, nikalishika kwa pindo la shati. Nikaingia dukani, nikafungua friji mwenyewe, nikatoa kichupa changu kwenye rafu, nikafunga mlango vizuri usije ukaacha soda zao zikapata joto. Akanifuata akisema niache changu, changu hakina neno, changu kitakaa humo mpaka nife. Nikamvuta Mwenzangu kamba taratibu ili asijigonge kwenye kreti. Watu wa benchi wakavuta miguu tupite. Mmoja alinipa salamu na nikaiitikia.

Aliniita nilipofika barabarani. Akaniita kwa jina la jandoni, ambalo halitamkwi mbele za watu. Nikangoja lori lipite, nikavuka na mbwa wangu, nikashika njia ya nyumbani, kwenda kuwafukuza kuku kwenye nyungu. Sijatia mguu tena kwenye duka lile. Chumvi nanunua Msambweni.